Mjomba kakaza skrubu, gari sasa inajiendea

Assalaam aleykum fundi,

Mimi ni mwalimu. Nakaa Wete na nasomesha skuli moja upande wa Konde, kwa hivyo kila siku ya kazi niko njiani asubuhi na mchana. Gari yangu ni Corolla 110, injini 5A, gia otomatiki, nimeinunua mkononi mwa mtu na huu ni mwaka wa tatu. Sikuwa na la kuilalamikia mpaka Ramadhani iliyopita.

Ilianza hivi. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto, nikisimama kupisha mtu au kupakia watoto, mshale wa mizunguko unashuka chini ya 500, usukani unatetemeka, vioo vinatetemeka, na nikiwasha AC inazimika pale pale. Mafundi wanasema gari haikai sailensi, yaani haitulii ikiunguruma bila mtu kukanyaga mafuta.

Mjomba wa mume wangu ni fundi wa siku nyingi, kazi kaianza kabla mimi sijazaliwa. Alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri, akafungua boneti, akatoa bisibisi mfukoni mwa shati na kuzungusha skrubu moja ndogo, pale inapoingia kebo ya mafuta. Injini ikanyanyuka, ikatulia. Dakika tano hazikufika. Hakutaka hata hela ya soda.

Ilitulia siku nne. Ikarudi, akakaza tena. Ikarudi, akakaza mara ya tatu. Sasa nikiiwasha asubuhi inaunguruma kama inataka kuruka, mshale unapita 2,000. Nikitia D inashtuka "dum!", na nikiachia breki inakwenda kama kuna watu nyuma wanaisukuma. Ikipata moto mshale hautulii: unapanda 1,500 na kitu, unaanguka karibu na 1,000, unapanda tena, kama mtu anayehema. Petroli niliyokuwa nikiijaza Jumatatu ikanifikisha Alhamisi, sasa Jumatano asubuhi taa inawaka.

Wiki iliyopita watu walikuwa wameanika karafuu kwenye majamvi ukingoni mwa njia. Nikaondoa mguu kupisha gari ya ng'ombe. Gari haikupungua. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na tairi la kushoto likasimama shibiri moja na jamvi. Bibi mwenye karafuu alinitizama tu, hakusema neno. Afadhali angesema.

Nauliza mawili. Skrubu ile inafaa kuguswa au haifai? Kuna mtu Chake kaniambia ninunue throtobodi nyingine ya mtumba, yaani kile chombo chenye skrubu hiyo. La pili ndilo linaloninyima usingizi: nikimpelekea fundi mwingine, mjomba atajua siku hiyohiyo, Wete unaijua ilivyo. Nitamwambiaje mtu mzima aliyenisaidia bure mara tatu?

Mwalimu, Wete

*

Waaleykumu salaam, mwalimu.

Kabla ya yote: usiteremke nayo bandarini gari hiyo, wala usipakie watoto, mpaka skrubu irudi mahali pake. Ikibidi kuisogeza, kila ukisimama itoe D uitie N. Ikikukimbilia njiani, kanyaga breki moja kwa moja bila kuipapasa, tia N, egesha, ndipo uzime. Usiuzungushe ufunguo gari ikiwa bado inakwenda. Usukani unaweza kujifunga, na breki inakuwa nzito kama jiwe kwa sababu wepesi wake inaupata kwa injini.

Sasa tuje kwa mjomba na bisibisi yake. Mjomba alifanya kazi sahihi kabisa, ila kwa gari ya aina nyingine.

Kwenye kabureta, kile chombo cha gari za zamani cha kuchanganya hewa na petroli, skrubu ile ndiyo sailensi. Ukiikaza, kibati kinachoziba koo la kabureta kinafunguka kidogo, hewa inapita na kuvuta petroli pamoja nayo, mizunguko inapanda. Fundi anategea sikio, anaitizama injini inavyotikisika, anaacha pale anapoona pametua. Na mimi nilifunzwa hivyo hivyo, na sikio la mafundi wale silidharau hata leo.

Gari yako haina kabureta, ina nozeli zinazopuliza petroli na kompyuta inayoziamrisha. Lakini ukifungua boneti unakuta throtobodi, na kwa macho inafanana na kabureta: kibati kipo, kebo ipo, skrubu ipo. Hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Chukulia nyumba ya Mji Mkongwe, yenye mlango mkubwa mbele na mlango mdogo wa uani. Kibati ndio mlango wa mbele. Ukikanyaga mafuta unafunguka, ukiondoa mguu unafungwa. Hewa ya kuifanya injini iungurume wakati umesimama inapita uani, kwenye njia ya pembeni inayolindwa na vali ya umeme iliyofungwa chini ya throtobodi. Anayeiamrisha vali hiyo ni kompyuta. Injini ikiwa ya baridi anaifungua zaidi. Ukiwasha AC anaifungua zaidi, injini isielemewe. Ikishapata moto na haina mzigo anaibana, mizunguko ikae mahali pake, ambapo kwa injini ndogo nyingi za Toyota ni kati ya 650 na 800. Ile skrubu kazi yake ni moja tu, kukizuia kibati kisifunge mpaka kikajibana kwenye kuta za koo lake. Imepimwa kiwandani, na mara nyingi utaikuta na tone la rangi kuonyesha kwamba kazi yake imekwisha.

Mjomba, basi, kautilia jiwe mlango wa mbele. Kompyuta inaubana mlango wa uani mpaka mwisho na hewa bado inaingia. Asubuhi, anapoongeza hewa ya kuamshia injini ya baridi, anaiongeza juu ya hewa ya mjomba, ndiyo hiyo 2,000 yako. Kwa joto letu la Pemba, ningetegemea asubuhi uone 1,200 au 1,500 kwa dakika chache, kisha ishuke yenyewe.

Na kule kuhema? Hapa nataka usome taratibu, kwa sababu mafundi wengi hubadilisha vitu vya bei kubwa kwa ajili ya jambo hili. Ubavuni mwa throtobodi kuna sensa inayoiambia kompyuta kibati kimefunguka kiasi gani, na ina kituo maalumu cha kusema "mguu haupo". Kituo hicho kina nafasi ndogo ya kusamehe, kwa hivyo hata skrubu ikizidi kidogo, bado sensa inasema mguu haupo. Kompyuta anaona mguu haupo, lakini injini inazunguka 1,500. Kwake yeye hali hiyo ina maana moja: unateremka mlima na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Na ukiwa unateremka hakuna haja ya petroli, kwa hivyo anazikata nozeli. Injini inaanguka. Ikifika karibu na 1,000 anarudisha petroli, isizimike. Hewa ya mjomba ipo, injini inapanda, anakata tena. Gari imesimama mlangoni kwako, na kompyuta anaamini iko kwenye mteremko wa bandari ya Wete. Asubuhi huioni hali hii kwa sababu injini ikiwa ya baridi kompyuta huvumilia mizunguko mingi zaidi kabla ya kukata.

Kwa hiyo mwombe mjomba asiongeze hata robo. Akiongeza, kibati kitaondoka kabisa kwenye kile kituo, kompyuta ataamini mguu wako uko juu ya pedeli, na kuhema kutakoma. Mtashikana mikono mkidhani imepona, kumbe hakuna tena anayeilinda sailensi.

Skrubu ikirudi utabaki na ugonjwa wa Ramadhani, ule wa mshale kuanguka chini ya 500. Mwenyewe umeutaja mwizi bila kujua: AC. Gari inatetemeka, ukiwasha AC inazimika. Maana yake kompyuta anaomba hewa ya nyongeza na mlango wa uani haufunguki. Naiweka shilingi yangu kwenye uchafu. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe, ndivyo ilivyotengenezwa, na miaka inavyopita unaacha utando mweusi wa kunata kwenye ukingo wa kibati na ndani ya ile vali. Njia inaziba kidogo kidogo. Mjomba alipokaza, alipanua mbele kufidia kilichoziba nyuma. Uchafu haukuwa na haraka, ukarudi baada ya siku nne.

Throtobodi ya mtumba usinunue. Utaletewa uchafu wa mtu mwingine, na skrubu iliyokwisha kuguswa na mjomba wa mtu mwingine.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja, injini ikiwa ya baridi. Ondoa waya wa betri, upande wa hasi. Vua mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye eya klina, vua kebo, ng'oa soketi za umeme, fungua throtobodi. Kuna mipira miwili midogo ya maji ya rejeta inayoingia humo. Iwekee alama na uizibe, maji yasimwagike yote. Throtobodi ikishakaa mezani, igeuze: vali ya sailensi iko chini, imeshikwa na skrubu za kichwa cha msalaba ambazo kwa kawaida hazitaki kutoka. Tafuta bisibisi inayoingia sawasawa na uigonge kidogo kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Mimi nimekwisha kuzila vichwa skrubu hizo, na adhabu yake ni kutoboa kwa mashine nusu siku.

Puliza dawa ya kusafishia kabureta, ile ya kopo, na usugue kwa mswaki wa zamani na kitambaa. Usitie kisu wala msasa. Sensa ya ubavuni usiilowanishe. Ndani ya vali utaona kipande kinachozunguka. Kikiwa kizima kinakwenda kwa wepesi, kikiwa kichafu utakihisi kinanata kama kidole kilichoshika halua. Endelea mpaka kilainike. Kisipolainika hata kidogo, hapo ndipo pa kununua vali, na vali peke yake. Gasketi, ile ya kuzibia maungio, tia mpya.

Wakati imo mezani, rudisha skrubu. Legeza nati yake, itoe skrubu mpaka isiguse kitu, kibati kifunge chenyewe. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uweke baina ya ncha ya skrubu na kile kikono inachokigusa, kaza polepole huku ukiuvuta. Karatasi ikianza kukamatwa, umefika. Itoe karatasi, kaza tena mpaka igusane, ongeza chembe tu ili kibati kisijibane, funga nati. Baadaye mwenye mita ya umeme aipime sensa kama inasema mguu haupo kibati kikiwa kimefungwa, na inaacha kusema kikiinuliwa. Kipimo kamili cha mwanya kimo katika kitabu cha ufundi cha injini hiyo.

Sasa swali ambalo hukuniuliza: themostati ipo, ile vali inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto? Huku kwetu gari ikichemka mara moja tu, dawa ya kwanza ni kuing'oa themostati na kuitupa, "si tuko nchi ya joto?" Themostati ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikikosekana, maji yanazunguka tangu sekunde ya kwanza na injini huchelewa sana kupata moto, pengine haufikii kabisa moto wake. Kompyuta naye, akisoma sensa ya maji, anaamini bado ni alfajiri: anaipandisha sailensi na kumwaga petroli kama ya kuwashia. Petroli yako ya Alhamisi huenda sehemu yake inapotelea huko. Tizama mshale wa joto ukifika skuli. Kama haujafika katikati, nunua themostati, hazina bei kubwa. Na hakikisha rejeta imejaa, maana hewa ndani ya maji inaidanganya sensa hiyohiyo.

Mipira midogo ya hewa iliyozunguka manifoldi, lile bomba linaloigawia injini hewa, pia ipitie mmoja mmoja. Chumvi na joto la visiwani vinaikausha, inapasuka kwenye ncha ambako hutizami. Wapo wanaopuliza dawa ya kabureta juu yake injini ikinguruma. Mimi siwashauri, ile ni kitu cha kushika moto. Chukua chupa ya kupulizia maji ya kawaida, pulizia kila kiungo, na sikiliza: mlio wa injini ukibadilika, umepata tundu. Na njia ya wazee, kipande cha mpira wa bustani, ncha moja sikioni na nyingine unaipitisha kwenye viungo. Tundu linasikika likipiga "ssss" kama nyoka. Mjomba atalisikia kabla yako.

Kabla hujatoa chochote, iulize gari yenyewe. Ndani ya boneti kuna kijisanduku cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, soma kifuniko chake kwa ndani, utaona vijina vya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kutua, haina la kusema. Ikipepesa mara 2, ikatua, mara 2 tena, ni 22, sensa ya joto la maji. Mara 4 kisha 1 ni 41, sensa ya throto. Mara 3 kisha 1 ni 31, ile inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi. Haina haja ya mashine wala ya kulipa mtu.

Wenye gari za karibuni zisizo na kebo ya mafuta, haya ya skrubu hayawahusu: kibati chao kinazungushwa na mota, na sailensi yote imo humo. Nyinyi msikisukume kibati kwa kidole swichi ikiwa imewashwa.

Ukimaliza na kurudisha waya wa betri, kompyuta atakuwa amesahau alichojifunza. Iwashe, usikanyage chochote, iache iungurume dakika 10, kisha dakika chache na AC. Mshale unaweza kuyumba mwanzoni, usiukimbilie na bisibisi. Kwenye tambarare, D ikiwa ndani na breki umeiachia, itatambaa kwa mwendo wa mtu anayetoka mskitini.

Tuje kwa mjomba mwenyewe. Mwalimu, usimpelekee mtu mwingine gari hii. Kuna jambo moja analijua yeye peke yake duniani: ameizungusha skrubu ile mara ngapi na kuelekea wapi. Mwendee nyumbani, si kwenye gereji mbele ya vijana wake. Mwambie, "Mjomba, nataka kuirudisha skrubu pale ilipokuwa siku ya kwanza, na anayepajua ni wewe tu." Si uongo na si kumpaka mafuta, ndivyo ilivyo. Hesabu yake itakupa kianzio, karatasi ya daftari itathibitisha. Kisha mpe kopo la dawa, mswaki na gasketi mpya, ulivyovinunua kwa pesa zako, umwambie unaomba msaada wake wa kufungua vali ya chini. Mkono uliozoea kabureta utaisafisha throtobodi vizuri kuliko kijana yeyote mwenye kompyuta ya kupimia. Na safari hii mlipe. Akikataa, muachie bibi wa nyumbani kwake.

Huenda akakuuliza nani kakwambia skrubu haiguswi. Mwambie ni fundi mmoja wa Mwanakwerekwe, Unguja, ambaye EFI, hizi gari za nozeli na kompyuta, zilipoanza kuzagaa mjini aliikaza skrubu kama hiyo kwenye teksi ya mtu mara tano, akasifiwa mara nne, na mara ya tano akaletewa teksi ikiwa imeingia kwenye ukuta wa jirani yake.